Njia ya Upana wa Watu Wawili

Njia ninayoipenda kuliko zote inaanzia mgongoni mwa kilima chetu, hapa Ngara, nyuma ya kigango cha kanisa, na inaishia kwenye daraja la magogo, pale barabara ya gari inapopita. Ukitembea bila haraka ni saa nzima. Kwanza unapita nyumba za juu, zilizojificha kwenye migomba, halafu unateremka ubavuni mwa kilima, mkono wa kulia ukuta wa udongo mwekundu, mkono wa kushoto korongo, mpaka unakutana na kijito kinachokimbilia Mto Ruvubu. Kuanzia hapo maji ndiyo yanayokuongoza. Asubuhi za kiangazi ukungu hulala bondeni, na ukisimama shambani kwangu, katikati ya mteremko, unaona vilima vya Burundi vikijitokeza kimoja kimoja.

Kila mwalimu mpya aliyeletwa shuleni kwetu nimemtembeza njia hiyo. Wengine walifika wamenuna kwa kupangiwa kazi huku kwetu, wakarudi na matope magotini wakicheka. Nilikuwa najisifu utadhani nimeichonga mimi. Kumbe kazi yangu mimi kwenye njia ile ilikuwa nyingine. Nilikuwa naila.

Huku kwetu njia haipimwi kwa futi. Inapimwa kwa machela. Jirani zetu wenye asili ya Burundi huiita ingobyi: kitanda cha matete yaliyosukwa, kimefungwa kwenye miti miwili mirefu, na wanaume wanne wanakiweka mabegani, wawili mbele, wawili nyuma. Kwa hiyo njia ya kilimani lazima watu wawili waweze kutembea bega kwa bega. Mgonjwa wa juu hana mlango mwingine wa kutokea. Kila nyumba inatoa mwanaume wa kubeba, na asiyetokea hutozwa debe la pombe ya ndizi, tena hunyweshwa maneno kabla wengine hawajanywa pombe yenyewe. Nyumba yangu haina mwanaume tangu mume wangu afariki, basi zamu yetu ni kuitunza machela. Baba mkwe wangu aliianza kazi hiyo. Kila kiangazi aliwabebesha vijana wanne machela tupu, akawafuata nyuma na panga, kutoka kigangoni hadi darajani. Mgomba au muhogo wowote uliomgusa mbebaji begani ulikatwa hapo hapo, na mwenye shamba hakufungua mdomo.

Mzee alipofariki, bodaboda zilikuwa zimeshafika kilimani. Mgonjwa anapakiwa katikati ya dereva na ndugu yake, na nusu saa baadaye yuko hospitalini. Nani tena atabeba mtu begani? Machela ikakaa juu ya dari ya jiko langu na kuku wakaigeuza mahali pa kutagia.

Mwaka wa kwanza nilinyoosha ukingo wa shamba langu tu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Pale kando ya njia udongo ni mnene na mweusi, kwa sababu kila mvua hushusha pale rutuba ya mashamba ya watu wa juu, na maharage yake hubeba mpaka yanalala. Msimu uliofuata nikaongeza upana wa jembe moja. Uliofuata, jingine. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na mimi kibaba changu kilikuwa kinajaa. Pikipiki inahitaji upana gani? Wa tairi. Nilibakiza huo, na wa mguu wa mtu mmoja, na nikajiona mwenye huruma.

Mama aliyekuja kupata taabu kwenye njia ile ni jirani yangu wa nyumba ya juu kabisa. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, wakapewa kipande cha ardhi karibu na kigango, akakulia hapo na kuolewa hapo hapo. Tulikuwa tunafua pamoja kijitoni, tunasengenyana na kusaidiana. Ana mabinti watatu, wote nimewafundisha kusoma. Mimba ya nne ilipofika miezi minane mumewe alianza kutembea akipiga mluzi, maana kila mtu alikuwa amemhakikishia kwamba safari hii ni mvulana.

Ilikuwa mwezi wa nne, Jumamosi, baada ya mvua ya siku mbili mfululizo. Mumewe alinifikia asubuhi bila viatu.

"Mwarimu, shikamoo. Naomba machela."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Damu. Bodaboda amekataa kupanda, anasema ataanguka naye. Anasubiri darajani."

Nikapanda ngazi, nikawafukuza kuku, nikayatoa mayai na kuyaweka kwenye sufuria. Nakumbuka niliyaweka taratibu yasivunjike. Wanaume watano walikuwa wameshakusanyika uwanjani. Wakaichukua machela na kukimbia kwenda juu. Mimi nikavaa buti, nikafunga kanga mbili na sabuni kwenye mfuko, nikaenda kuwasubiri shambani kwangu ili niteremke nao. Walikawia. Nilidhani wanawake wanamwandaa.

Walipotokea kwenye kona ndipo nilipoiona njia yangu vizuri. Niliiona kwa macho ya mtu aliyebeba. Wawili wa mbele walifika kwenye matuta yangu, na yule wa upande wa korongo hakuwa na mahali pa kuweka mguu isipokuwa kwenye maharage.

"Kanyageni!" nikapiga kelele. "Kanyageni maharage, piteni!"

Lakini udongo niliokuwa nikiulainisha misimu yote ile haukuwa tena njia. Njia ni udongo uliokanyagwa na bibi na babu mpaka ukawa mgumu. Ule wangu ulikuwa kama ugali usioiva. Mguu wake ukazama hadi gotini, tuta zima likameguka na kuelekea korongoni, na machela ikainama. "Pore! Pore! Mshike!" wakaita wabebaji. Mama yule hakupiga kelele. Alishika mti wa machela kwa mikono yote miwili na akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mbele yake.

Walimshusha chini, kwenye matope. Wakamtoa aliyezama. Wakajaribu kumpitisha kwa kumwinua mkono kwa mkono, wakashindwa, mwisho mumewe akambeba mgongoni kama mtoto, hatua moja moja, akiegemea ukuta wa udongo, mpaka walipomaliza shamba langu. Sijui ilichukua muda gani. Nimejaribu kuupima baadaye kwa kutembea na saa mkononi na nimeacha, kwa sababu kila nikipima napata jibu tofauti na hakuna linalonisaidia.

Hospitalini walimpokea haraka, hilo siwezi kulikanusha. Yeye alipona. Mtoto alikuwa mvulana kweli, na alikuwa ameshafariki. Muuguzi, mwanamama wa makamo mwenye sauti ya upole, alikuwa anakunja shuka, akasema bila kumlaumu mtu, "Mngewahi kidogo." Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Tulimzika mtoto kesho yake chini ya migomba yao. Wabebaji walisimama wakaongea kuhusu mvua. Mvua ya mwaka huu, walisema, haina adabu. Yule aliyezama alichechemea akanipa pole, mimi! Baba wa marehemu mtoto akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ni mvua, mwarimu. Umetusaidia sana."

Nikaitikia. Mungu anisamehe, niliitikia.

Jumatatu baada ya vipindi niling'oa maharage yangu, mabichi, na maua yake. Nilirudisha ukingo wa njia, nikabeba mawe kutoka kijitoni, nikapanga, nikashindilia kwa mchi wa kutwangia. Watu waliopita walisema, "Hongera kwa kazi." Hakuna aliyesema, "Ulikuwa wapi?" Nilitaka mtu aseme. Nilikuwa nakasirika kwa upole wao, nikirudi nyumbani nawagombeza kuku.

Wiki ya tatu nilishindwa kuibeba siri hiyo. Nikapanda hadi kwa mama yule, mumewe akiwa amekwenda mnadani Nyakahura. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nikakaa, nikamwambia yote: msimu wa kwanza, wa pili, rutuba, tairi la pikipiki. Nikamwambia njia ilikuwa imara mpaka nilipoigusa. Nikalia. Nilikuwa nimejiandaa anifukuze, na kusema kweli nilikuwa nimejiandaa pia anisamehe.

Hakufanya hata kimoja. Aliendelea kuchambua mpaka akamaliza ule ungo.

"Umeona mihogo yangu hapo nje?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeipita mara elfu. Mistari miwili, kando ya njia, hatua ishirini kutoka mlangoni kwake.

"Nimeipanda njiani," akasema. "Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Mume wangu hajui mpaka wa zamani ulikuwa wapi, yeye alihamia huku. Mimi najua. Siku ile walifika pale wakakwama. Wakanishusha, wakazunguka nyuma ya nyumba, wakakata migomba ili wapite. Hapo ndipo tulipochelewa sana, dada. Kwako ilikuwa mara ya pili."

Nilikuwa nimekuja na mzigo wangu nikitarajia kuutua, nikaongezewa mwingine juu yake.

"Anadhani ni mvua," akasema. "Mwache adhani. Nakuomba. Akijua hatanitazama tena."

Nikaapa. Tangu siku hiyo sikumtembeza mwalimu yeyote. Nilisema miguu inaniuma, wakaamini; mtu akishafikisha umri wangu huaminiwa kwa miguu. Niliipita njia peke yangu, kwenda kigangoni na kurudi. Kwangu ilikuwa pana na mawe yake. Kule juu mihogo ilisimama, ikanenepa, ikawa mirefu kuliko mimi. Hakuweza kuing'oa kabla ya wakati, kwa sababu mumewe angeuliza. Nami sikuweza kuigusa, kwa sababu angeuliza zaidi. Siri yetu ilikuwa imeota majani na imeziba njia, na sote wawili tulikuwa tunaipalilia.

Mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi, tukiwa tunafua, aliinama kusuuza shuka na akashika kiuno. Nikamtazama. Akatazama maji.

"Mwezi wa ngapi?" nikauliza.

"Wa tatu."

Sote tunajua kuhesabu. Mtoto angekuja wakati wa mvua. Nilingoja aseme kuhusu mihogo. Akakamua shuka, akaniaga, akapanda.

Nilivumilia siku tano. Siku ya sita nilichukua jembe na panga, nikapanda juu mchana kweupe, nikaanza na shina la kwanza. Sikuwa na mpango wowote wa maneno. Nilikuwa nimeshang'oa manne, mizizi minono imelala njiani, mume wa jirani yangu aliposikia na kutoka.

"Mwarimu?" Hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa, na alitaka kucheka. "Unafanya nini kwenye mihogo yetu?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema ni mimi, kwamba mimi ndiye niliyemshauri mkewe apande pale, uongo wowote ule. Lakini mkewe alikuwa ameshatokea mlangoni, mkono tumboni.

"Mwache," akasema. "Ni mimi niliyepanda njiani. Hapo ndipo walipokwama na mimi."

Alimtazama mkewe. Akatazama mashina yaliyobaki, halafu njia inavyokuja ikiwa pana mpaka pale na inavyobanwa, halafu ile migomba nyuma ya nyumba ambayo ilikatwa siku ile na sasa ilikuwa imechipua tena. Nilimwona akiipanga asubuhi ile upya kichwani mwake. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya kazi namna hiyo na sitaki kuuona tena.

Akanyoosha mkono, nikampa jembe. Akaanza kuchimba. Aling'oa mstari wa kwanza wote, akang'oa wa pili, akasawazisha, akashindilia kwa miguu yake. Njia ikarudi upana wa watu wawili. Hakuacha. Akaingia kwenye maharage yao, kisha kwenye viazi vitamu, akichimba kuelekea mlangoni kwake, kana kwamba hakuna upana ambao ungemtosha tena, na mkewe akamwita kwa jina mara mbili, na hakuacha.