Mijusi Safi wa Gundula

Dada yangu Gundula alifinyanga mijusi wa baharini wa kale, wale ambao mifupa yao huchimbwa kwenye mawe ya kwetu Holzmaden. Kila mmoja alitosha kiganjani. Alitumia udongo wa plastiki, akawaoka kwenye oveni ya keki. Mjusi akiokwa na alama ya kidole, haifutiki tena, kwa hiyo mumewe Eckart alikuwa akiwakagua kwa kioo cha kukuzia.

"Haya, bibi, uchafu gani huu? Nani atanunua mjusi mwenye vidole vyako?"

Gundula alifuta kwa spiriti miaka ishirini, mpaka ngozi ya mikono ikapasuka.

Tulimzika Machi. Wiki iliyofuata nilimkuta Eckart amewapanga mijusi mezani, kioo kile kile mkononi.

"Shemeji, sijapata hata alama yake moja!"

"Si ulitaka wawe safi? Basi ni safi."

Ghafla akapiga ukelele. Ameiona, tumboni mwa mmoja! Akaweka dole gumba lake juu yake, taratibu. Likalingana nayo sawasawa.

Ilikuwa ya Eckart mwenyewe, ya siku alipombonyeza mjusi huyo kabla hajaokwa, kuhakikisha dada yangu amefuta vizuri.