Siku Nilipoosha Maabara

Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Ukungu, likamkaa. Alikuwa akifundisha baiolojia, na mimi ni mfagiaji wa shule, mtu wa ndoo na ufagio. Nakwambia kweli, sijaona mtu anayependa kazi yake kama yule. Hadubini ya shule ilikuwa moja, nayo mbovu, lakini hakukata tamaa. Mapafu aliyatengeneza kwa chupa na maputo. Ukungu aliufuga juu ya vipande vya mkate, kwenye vifuniko ishirini na vinne vya makopo ndani ya kabati la maabara. Kila mwanafunzi na kifuniko chake, na kila asubuhi anachora kilichobadilika.

Mkuu wa shule aliona upuuzi mtupu. Alikuwa anakitaka chumba kile kiwe stoo ya madawati. "Mkaguzi anakuja Jumatatu," alimwambia mbele yetu sote. "Asipokuta kazi ya maana, chumba nachukua, na baiolojia utafundishia ubaoni."

Mwalimu alikonda wiki ile. Ukungu ndio uliokuwa ushahidi wake. Watoto walikuwa wamebuni majaribio wenyewe: huyu ameweka chumvi, yule ndimu, mwingine kaweka gizani. Ijumaa alinipitia koridoni. "Dada, tuombeane."

"Ondoa shaka, kaka," nikamjibu. "Mgeni atakuta mambo safi."

Ole wangu! Jumamosi nilikwenda kwa hiari yangu, siku yangu ya mapumziko, hakuna aliyenituma. Nafungua kabati kwa mara ya kwanza, mikate imeoza, imeota manyoya ya kijani na meusi! Nikasonya. Wanaume hawa, bila mwanamke wangeliwa na wadudu. Yote nikatupa shimoni, nikachoma moto. Vifuniko nikavisugua kwa sabuni na mchanga mpaka vikang'aa, nikavipanga kwa mstari. Nikarudi nyumbani najipongeza.

Jumatatu Mwalimu akafungua kabati mbele ya mkaguzi, mkuu na watoto wake. Mimi nilikuwa mlangoni, nangoja kusifiwa, mjinga mimi. Alishika kifuniko kimoja, akakirudisha. Akashika cha pili.

"Chumba kisafi mno," mkaguzi akasema huku anaandika. "Maana yake hakitumiki."

Watoto wakainua madaftari yao. Mkaguzi akatikisa kichwa. "Michoro hata kitabuni ipo."

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Nikapayuka: "Mzee, ni mimi! Nimetupa mimi kwa mikono yangu!" Mkuu akanikata kauli, akaniambia nirudi kwenye kazi yangu. Kabla ya saa sita mchana madawati yaliyovunjika miguu yalikuwa yameanza kuingizwa.

Nilimkuta Mwalimu ameketi kwenye ngazi, mapafu ya chupa mapajani. Nikapiga magoti. Nikamwambia anitukane, anipige, afanye atakalo, mradi asininyamazie.

"Inuka, dada," akasema. "Miaka kumi na miwili nafundisha watoto kwamba pale watu wanapoona uchafu pana uhai. Wewe ulikuwa unapita mlangoni kila siku, na sikukuita hata mara moja uje uone."

Nikalia kwa sauti, mbele ya shule nzima.