Mwandiko Wangu Kwenye Mikoko

Nauza kandambili kwa jumla Kariakoo, kwenye duka alilolianzisha baba yangu alipotoka Moshi. Kila jozi huja ndani ya mfuko wa nailoni, nami huandika saizi juu yake kwa maka peni. Jioni tulikuwa tunafagia mifuko iliyochanika mpaka mtaroni. Mvua ikinyesha, imeondoka. Sikuwahi kujiuliza inaenda wapi.

Siku moja mteja wangu, mama anayekaanga samaki soko la Feri, alinitupia mfuko uliojaa tope kwenye kaunta.

"Huu mwandiko wa nani?"

Ilikuwa nane yangu, ile ninayoiandika kama vitumbua viwili vilivyopandana.

"Si mfuko mmoja tu, mama?"

"Mmoja? Twende ukaone mwenyewe."

Jumapili, nikiwa bado na gauni la kanisani, akanipeleka mto Msimbazi unapoingia baharini. Maji yalikuwa yamekupwa. Mifuko ilining'inia kwenye mikoko, matawi hata hayaonekani.

"Mtaro wenu unamwaga mtoni," akasema. "Bahari ikijaa inarudisha mifuko huku, inanasa. Maji yakipwa yanaondoka nayo, mawimbi yanaitupa ufukweni. Mingine wavuvi wanaivua badala ya samaki."

Masikio yaliniwaka kwa aibu.

Jumatatu jioni nikaweka stuli juu ya tundu la mtaro, nikakaa. Mzee wa duka la jirani akaja na fagio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sogea, binti."

"Sisogei."

Wapagazi wakacheka. "Umekuwa bwana afya lini?" mzee akauliza. "Baba yako mwenyewe alifagilia humu humu."

"Najua. Na mimi nimefagilia miaka yote. Leo basi."

Akafagia hivyo hivyo, taka zikanijaa miguuni. Sikuinuka. Nikaziokota moja moja mbele ya macho yake, nikazitia kwenye kiroba, machozi ya hasira yakinilenga.

Wiki ile wenye maduka wengine walihamia mtaro wa mtaa wa pili. Nikawafuata huko na stuli yangu. Siku ya tano, nikiwa nimerudi kwenye mtaro wetu, mke wa yule mzee alitoka dukani na kiroba chake, akakitua karibu yangu, akaanza kuokota.

Mumewe haitikii shikamoo yangu mpaka leo. Mto bado unapeleka taka za mji mzima baharini, na siwezi kuukalia wote. Ila mtaro huu nimeukalia. Anayetaka kufagilia humu aanze kuninyanyua mimi.