Harufu ya Mpingo

Juzi, sokoni Thika, muuzaji aliniapia kwamba twiga wake alichongwa kwa mpingo. Siamini viapo, nilimnusa twiga. Nikakumbuka alasiri moja Ruiru, katika kibanda cha baba cha kuchongea vinyago, kilichojaa vumbi la mjakaranda, mti mweupe wa bei nafuu, mteja wa pekee wiki hiyo alipomwinua ndovu mweusi.

"Mzee, huu ni mpingo kweli?"

Kabla baba hajajibu, nilidakia kwa fahari, "Ndiyo! Nusa, mpingo unanuka kama viatu vya shule."

Niliamini kwamba rangi ya viatu hutengenezwa kwa mpingo. Mteja alinusa, akacheka, akaenda zake.

Nilisubiri kofi. Baba alifunika mkebe wa rangi ya viatu, akaniambia, "Haya, mjuaji, leta msasa." Tulimsugua ndovu hadi weupe ukatokea, na tangu hapo kila mteja aliyeuliza alijibiwa, "Mjakaranda."