Ile Chokaa Haikutoka

Kidaraja cha ku usine, kile kiwanda ya shaba kwenye nilitumika kazi, kilikuwa cha plastiki yenye nyuzi za kioo mu ndani, sababu chuma ingeliwa na asidi. Kilipita juu ya mabirika ya asidi, pahali shaba inayeyuka na kuwa maji ya kijani. Mvuke ilipanda polepole, naona sawa natembea mu mawingu. Kila hatua boriti zinapinda, zinalala kidogo, zinaamka. Tulipita mulongo, mumoja nyuma ya mwenzake, mifuko ya chokaa ku mabega, kidaraja kinatubembeleza. Rafiki yangu, mutu wa Kasaji, alisema kinamukumbusha mugongo ya mama yake.

Kisha mistari nyeupe ikatokea katikati ya boriti, myembamba sawa nywele. Kwetu kila kitu kilikuwa na chokaa, hata kope za macho. Rafiki yangu akamuonyesha shefu wa kazi. Shefu hata hakuinama.

“Ni chokaa, tata. Osheni.”

Akaongeza kama plastiki haipati kutu, basi haichoki. Tuliosha. Maji ilipita, mistari ikabaki, tukafikiri ni sisi tunaosha vibaya.

Siku yenye kidaraja kilikatika hakikupiga kelele. Kililala sawa kila siku, lakini hakikuamka. Mi nilibaki nimeshika kamba ya pembeni, miguu mu birika mpaka magoti. Rafiki yangu alienda chini na mufuko yake. Povu nyeupe ikapanda pale aliingia, kisha maji ikatulia, kijani, nzuri kuangalia. Mpaka leo naiota.

Batu banasema ilikuwa bahati mbaya. Hapana. Ni yule shefu. Na boriti zenye hazikukatika, ni yeye alizichukua, akazipaka rangi ya bluu, akatupatia zawadi mu mutaa: kidaraja juu ya mufereji, mbele ya nyumba yangu. Batu bakapiga makofi.

Asubuhi, ku mulango, nakiona kinalala, kinaamka, chini ya bamama na mabeseni yao, taratibu, mpaka usingizi inanikamata. Juzi nilijikokota mpaka chini yake. Rangi imepasuka katikati, na mu ndani mistari ile ile. Nikaisugua na maji, na mate, na shati; haikutoka.

Leo nimeweka kiti yangu pale kidaraja kinaanza, nimekaa. Bamama bananitukana, eti kilema anajifanya mwenye njia.

“Tata, toka, tupite.”

“Piteni mu matope, mama.”

Bamemutuma mutu kuita shefu. Akuje. Niko na ndoo ya maji na kitambaa. Aioshe yeye mwenyewe, ile chokaa yake.