Uji wa Nyamusi

Nyakerario alipomzaa Gesare, mtoto alipima kilo nne na nusu, na majirani wote wa kilima kile cha majani chai nyuma ya mji wa Nyamache wakaja kumtazama. Mama mkwe wake, Nyamusi, alimbeba mjukuu nyumba hadi nyumba akijivuna. Hakuna aliyetaka kusikia kwamba uzazi wenyewe nusura umtoe mama roho.

Gesare alikuwa ameanza shule ya chekechea mama yake aliposhika mimba nyingine. Safari hii kliniki walimpa maji ya sukari yaliyomkinaisha, wakamtoa damu, kisha muuguzi aitwaye Maureen akamketisha kando.

"Una kisukari cha mimba," akamwambia. "Si kosa lako, na wengi huwatoka wakishajifungua. Lakini kikiachwa, mtoto hunenepa kupita kiasi, presha yako inaweza kupanda, na mtoto anaweza kufia tumboni."

Nyakerario aliyashika maneno hayo. Ugali akaupunguza ukawa kama ngumi, sahani akaijaza mboga za managu na maharagwe, chai akainywa bila sukari. Akishapeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia alirudi nyumbani kwa njia ndefu ili atembee. Chakula peke yake kiliposhindwa, wakampa dawa ya insulini. Hawakuwa na friji, kwa hiyo aliihifadhi ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga wenye unyevu, akawa anajidunga kila asubuhi. Mumewe, Ogoti, aligeuza uso kila alipoiona ile sindano.

Mzigo ulikuwa Nyamusi. Ujanani alizika watoto wawili wachanga, wote wembamba kama vijiti, na kwake yeye mja mzito asiyekula alikuwa anamnyonga mtoto kwa njaa. Kila alasiri alikuja na thamosi ya uji wa wimbi, ameutia sukari na kuupondea ndizi mbivu.

"Kunywa, mwanangu."

"Mama, wamenikataza."

"Wamekukataza sukari. Huu ni uji."

Nyakerario alieleza, akaeleza tena, akachoka. Siku nyingine aliumwaga nyuma ya nyumba. Siku nyingine Nyamusi aliketi mbele yake akimtazama kwa macho ya huruma, naye akaunywa wote. Alikuwa na njaa, na uji ulikuwa mtamu.

Mimba ilipokaribia mwisho Maureen aliona kwenye majibu ya damu kwamba sukari bado iko juu. Akamtaka alazwe katika hospitali kubwa mjini Kisii wiki ile ile, aangaliwe na mtoto atolewe mapema. Nyakerario akaomba aende Jumatatu, apate kwanza kumtafutia Gesare mtu wa kukaa naye.

Jumamosi, siku yao ya Sabato, kanisani waliimba nyimbo ambazo mtoto alizoea kuzipigia mateke. Hakupiga. Nyakerario akajiambia amelala. Akakaa mpaka mahubiri yakaisha, mpaka watu wakashikana mikono nje, ndipo akamshika Ogoti mkono na kumwambia twende. Hospitalini walipitisha mashine tumboni, wakaipitisha tena, kisha daktari akaizima.

Alikuwa mvulana, mnene, mwenye nywele nyingi, asiye na dosari yoyote. Walimzika kando ya nyumba, mzee wa kanisa akasoma Zaburi fupi. Baada ya hapo maziwa yakaja. Yalilowesha nguo yake kifuani akiwa jikoni, akiwa kitandani, akimvalisha Gesare soksi.

Nyamusi hakuonekana kwa siku kadhaa. Alipokuja, alikuja mikono mitupu, akakaa chini kwenye mkeka ingawa kiti kilikuwepo.

"Niambie ukweli," akasema. "Ni uji wangu?"

Nyakerario alikuwa amemuuliza Maureen swali hilo hilo, na Maureen alijibu kwamba hakuna awezaye kujua kwa hakika. Wapo, alisema, wanaofuata kila agizo na bado wakapoteza mtoto. Nyakerario alikuwa amejiandaa kusema hapana. Lakini alipomtazama mama yule aliyekonda ghafla, akaona hawezi kumdanganya.

"Sijui, mama. Sukari ilikuwa juu, na uji uliipandisha. Lakini niliunywa mwenyewe. Na Sabato ile nilikaa kanisani nikingoja."

Nyamusi hakujitetea. Alijifunika uso kwa leso, na Nyakerario akashuka kitini akaketi karibu naye. Wakalia hivyo, bega kwa bega, bila kubembelezana.

Wiki sita zilipopita, Nyakerario alirudi kupimwa. Sukari ilikuwa imeshuka, ila Maureen alimwonya kwamba huenda ikarudi, hata miaka mingi baadaye. Apimwe kila mwaka, na kabla ya kushika mimba nyingine. Nyamusi alikuwa amemsindikiza. Alimwomba muuguzi aanze upya, taratibu, kwa Ekegusii, lugha yao: ugonjwa huu ni nini, unamfanyaje mtoto, mama anapaswa kula nini.

Maureen akaeleza yote. Nyamusi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Mbona hamkuniita siku ile ya kwanza alipoambiwa haya?"