Ushuhuda wa Jumapili, Nil ya Jumatatu

Kuna Jumatatu moja ya Juni ninayoikumbuka, mwanangu, kila ninapokuona umeinamia kompyuta yako pale Juja, ukifanya kazi ya mtandaoni kama yangu. Nakuita mwanangu ingawa sijakupita sana kwa umri. Ndivyo Senge, dada ya baba aliyenilea, alivyoniita mimi, na sijui namna nyingine ya kumwambia mtu jambo la maana.

Wakati huo nilikaa naye Witeithie. Yeye alikuwa akivuna mananasi kwenye shamba kubwa upande wa Thika. Mimi nilishinda chumbani na visikizio masikioni, nikiandika maneno ya mikutano iliyorekodiwa na watu wa ng'ambo. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kukosea na kufuta, na hadi leo ni mtu wa kurudia sentensi moja mpaka chai ipoe. Malipo yalikuja kidogo kidogo kwenye simu, mwezi mmoja yapo, mwingine hakuna. Majirani walimwuliza Senge kama mimi ni mgonjwa, vile sitoki nje.

Ndiyo maana Jumapili moja nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa kazi. Kina mama wakapiga vigelegele, na Senge akajifuta macho kwa kona ya leso.

Kesho yake tukaenda pamoja saiba, kile kibanda cha kompyuta na intaneti, kujaza ritani za ushuru, taarifa ya mapato ya kila mwaka, yeye ya mshahara wake, mimi ya kwanza maishani. Kijana wa saiba alinitazama mara moja tu.

"Wewe ni nil, madam."

"Nil ni nini?" Senge akauliza.

"Ni kusema hakupata kitu mwaka mzima, mathe. Dakika moja tumemaliza. Hapa hata wenye magari wanaweka nil."

Nikuambie ukweli, nilifurahi. Sikutaka kumwibia mtu, niliogopa tu kukosea. Nil ilikuwa safi, haina hesabu, haina mahali pa kuulizwa swali. Nikasema sawa, weka.

"Ngoja kwanza," Senge akamwambia. Kisha akanigeukia polepole, vile alinigeukia nikiunguza ugali. "Jana umeshukuru Mungu mbele ya watu kwa kazi. Leo unaandika hukupata kitu. Sasa jana ulikuwa unashukuru nini?"

"Senge, ni pesa ndogo tu. Sijui hata nianzie wapi."

"Anzia nyumbani. Na kama si kazi, Jumapili uinuke tena uwaambie warudishe vigelegele vyao."

Kijana wa saiba alijifanya anakohoa. Nikachukua mkoba wangu, tukaondoka.

Nilipekua jumbe zote za malipo. Nikatafuta risiti za bando za intaneti na za visikizio, kwa sababu gharama za kazi hutolewa kwanza. Nilijumlisha, nikatilia shaka, nikajumlisha tena, unanijua. Tuliporudi saiba nilijaza mwenyewe ile sehemu ya mapato ya biashara. Ushuru uliotokea ulikuwa mdogo, na ile nafuu anayopewa kila mlipaji ikaumeza wote. Cha kulipa: sifuri.

Senge akainama kwenye skrini. "Kwa hivyo ulikuwa unaficha nini?"

 Nilipoona jina langu na karibu yake mapato yangu, yale yale madogo, niliketi wima kwenye kile kiti kibovu. Niliyofanya mwaka mzima yalikuwa yameandikwa mahali.

Siku chache baadaye jirani yetu Mama Brenda akamwuliza Senge, "Huyu wako hajapata kazi bado?"

"Ana kazi," Senge akajibu, akiendelea kuanika nguo. "Hata serikali inajua."

Wateja wamenisifu tangu hapo, mwanangu, na sifa zao nimezisahau. Hiyo ya kwenye kamba ya nguo sijaisahau. Mwaka uliofuata kulikuwa na kitu cha kulipa, nikalipa kwa simu, kisha nikampigia Senge kwanza.

Kwa hivyo sikia. Ukilipwa, andika siku hiyo hiyo, hata kama ni pesa ya mkate. Weka risiti za kazi mahali pamoja. Usimpe mtu wa saiba nywila yako, na usingoje siku za mwisho za Juni mtandao ukikwama na moyo nao ukikwama. Ukikwama kweli, niulize. Nitafurahi kuliko unavyodhani. Lakini ukiwa umepata kitu, usikubali mtu akuandikie kwamba hukupata. Utakuwa umeikana kazi yako mwenyewe.

Mungu aibariki mikono yako na hicho kijichumba chako. Akupe wateja wanaolipa kwa wakati, na mtu wa kukujibia kwa majirani bila kugeuka, akianika nguo.